Mvinyo Tunaousikia Malindi na Mvinyo Ulivyo Shambani

Nimehudumu mezani katika mikahawa ya Malindi kwa miaka mingi, na kauli ninayoisikia zaidi kuhusu mvinyo, kwa wageni na kwa wenyeji pia, ni kwamba hicho ni kinywaji cha Ulaya kwa sababu mzabibu haustahimili jua letu. Katika mji uliozoeana na Waitaliano kama huu, dhana hiyo inaeleweka, maana chupa nyingi tunazozifungua zimetoka kwao. Hata hivyo si kweli, nayo inatunyima fahari iliyo haki yetu.

Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na mizabibu imestawi huko kwa miongo kadhaa. Mji huo umeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni kavu na usiku wake hupoa, mambo ambayo mzabibu huyapenda na ambayo pwani yetu haina. Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja kwa mwaka, lakini Dodoma hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima akiupogoa baada ya mavuno, huchipua upya, na ndiyo sababu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Huko hulimwa zabibu nyeupe ya Chenin Blanc yenye asili ya Ufaransa, na pia zabibu nyekundu inayojulikana kwa jina la Makutupora. Hapa Kenya tunao mvinyo wa Leleshwa, ambao mizabibu yake iko Naivasha, na Ethiopia wanalima karibu na Ziwa Ziway, katika Bonde la Ufa.

Dhana ya pili ni kwamba mvinyo mwekundu hutiwa rangi. Nilipotembelea shamba moja Dodoma, mwenyeji wangu alikata kishada cha zabibu nyeusi, akaminya punje moja juu ya kiganja changu. Niliyatazama yale maji kwa muda: yalikuwa meupe, karibu kama ya dafu. Rangi yote imo ganda­ni. Zabibu zikiachwa zichachuke pamoja na maganda yake, mvinyo huwa mwekundu. Maganda yakiondolewa mapema, hata zabibu nyeusi hutoa mvinyo mweupe.

Wapo pia wanaoamini kwamba mvinyo ni maji ya zabibu yaliyochanganywa na spiriti. Mtu aliyekulia kwenye minazi hapaswi kudanganyika kwa hilo. Mgema anaposhuka na kibuyu asubuhi, tembo bado ni tamu. Ifikapo jioni limekwisha kuwa kali bila mtu kulitia chochote, kwa sababu hamira ya asili imegeuza sukari kuwa kileo, na likiachwa siku chache huwa siki. Mvinyo hupita njia hiyo hiyo. Tofauti ni kwamba mtengenezaji wa mvinyo huudhibiti uchachu huo kwa wiki au miezi, na huilinda pipa na chupa yake dhidi ya hewa, ambayo ndiyo huwapa nguvu vijidudu vya siki.

Kwa hiyo si kweli kwamba kila mvinyo huzidi kuwa mtamu kadiri unavyozeeka. Mivinyo mingi sana duniani hutengenezwa inywewe ndani ya miaka michache, na michache tu ndiyo hufaa kuhifadhiwa muda mrefu. Chupa iliyofunguliwa huanza kupoteza ladha baada ya siku tatu hivi hata ikiwa ndani ya friji. Kuhusu kifuniko cha kuzungusha, hakioneshi kuwa mvinyo ni duni. Huziba vizuri tu.

Kosa ninalolipigania kila siku kazini ni lile la kuandaa mvinyo mwekundu “katika joto la chumba”. Kanuni hiyo ilikusudiwa vyumba vya Ulaya vyenye baridi, yaani nyuzi 16 hadi 18 za selsiasi. Chumba cha Malindi mwezi wa Februari hufikia nyuzi 30, na mvinyo wa joto hilo hunukia kileo pekee, matunda yake yakapotea. Muda kidogo katika friji huurudisha mahali pake, na mgeni akilalamika huwa namwomba aonje kwanza.

Juu ya ziara zenyewe, wengi hudhani kwamba kwenda kwenye kiwanda cha mvinyo ni kwenda kulewa. Anayeonja kwa makini humiminiwa kidogo, hutazama rangi, hunusa, huzungusha mdomoni, kisha hutema kwenye chombo kilichowekwa kwa ajili hiyo, na hakuna anayemwona mshamba. Jirani zangu ambao dini yao imewakataza kileo wanaweza kutembea shambani, kula zabibu mbichi na kujifunza kazi nzima bila kugusa glasi. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ipo imani kwamba mvinyo mwekundu ni dawa ya moyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na madhara, na mvinyo wa kawaida una asilimia 11 hadi 14, mara mbili au tatu ya bia.

Atakayependa kwenda Dodoma kutoka kwetu anaweza kupitia Mombasa, Lunga Lunga na Tanga hadi Dar es Salaam, kisha akapanda treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Akinunua chupa huko, asiiweke chini ya kiti cha basi wala kwenye buti. Aifunge kwa kikoi kilicholowa maji, aikalishe kivulini karibu naye, na akifika nyumbani aiache ipumzike kwa siku kadhaa kabla ya kuifungua.