Mzigo mara mbili wa utapiamlo ndo nini hasa?

Ukitaja utapiamlo hapa Wete, Pemba, mtu moja kwa moja anamuwaza mtoto mbavu zinahesabika na miguu imevimba. Sawa, huyo yumo, lakini na yule bonge ambae kila mtu anamfinya mashavu na kusema mashaallah na yeye anaweza kuwemo, mana utapiamlo ni mwili kulishwa visivyo, iwe kwa kupungukiwa au kwa kuzidishiwa. Nchi masikini siku hizi zinayo yote mawili kwa pamoja, ndo ukaitwa mzigo mara mbili. Mwaka 2022 duniani watoto chini ya miaka 5 waliodumaa walikadiriwa milioni 148 na waliozidi uzito milioni 37, na hao wanene wengi wako Asia na Afrika, sio Ulaya kama tunavodhani.

Maneno yasituchanganye. Ukondefu ni kilo chache kwa urefu wake, unaweza kuja kwa wiki chache tu mtoto akiharisha sana. Udumavu ni ufupi kwa umri wake, huo unakwenda polepole tangu tumboni mpaka miaka 2, zile siku 1000 wanazozisema, na zikishapita kuurudisha nyuma ni kazi kweli. Uzito uliozidi ni kilo nyingi kuliko urefu unavobeba.

Sasa kubwa ni hili, udumavu na unene vinaweza kukaa kwenye nyumba moja, mama mnene mtoto kadumaa, na hata ndani ya mtoto mmoja. Chukua mtoto wa kike wa miaka 3 kamili ana kilo 14 na nusu. Ukimpandisha mizani ukatizama umri wake tu basi yuko vizuri kabisa, mama anaondoka anacheka. Mpime na urefu, ikitoka sentimita 86 huyo kadumaa, na kwa urefu huo kilo zake zimeshazidi! Yaani ufupi na unene vimefichana, mizani haikuona hata kimoja.

Inakuwaje? Asubuhi chai ya rangi sukari tele na mkate wa boflo, mchana wali mweupe, samaki wa kibua anakula baba, mtoto anamwagiwa mchuzi. Tumbo limejaa lakini protini, madini ya chuma, zinki na vitamini A hamna, na urefu hauji kwa wanga mtupu (na sisi hapa samaki wanashuka kila siku, hilo ndo linaloniuma). Akilia anapewa biskuti na jusi ya pakti, hapo kilo zinapanda, mifupa iko pale pale. Ongeza kuharisha kila mara, mama aliebeba mimba hana damu, uzazi wa karibu karibu. Na mtoto aliebanwa tumboni akaja kunenepa baadae, ukubwani ana hatari zaidi ya sukari na presha.

Kwa hiyo mama ukienda kliniki wakimpima kilo tu, uliza na urefu, wala usione haya. Chini ya miaka 2 anapimwa kalala, akishavuka anasimama ukutani, viatu anavuliwa, na zile nywele za kufunga juu zifumuliwe mana nazo zinaongeza sentimita.