Je, wajua? Kwanini kuchuma suke moja la ngano lilikuwa kosa siku ya Sabato

Juzi tumekaa barazani hapa Machui tunakunywa kahawa, jirani yangu Muislamu kaniuliza, eti nyie mna wenzenu Wasabato, hivi nyumba ikishika moto Jumamosi wanaiacha iungue? Nikacheka, lakini swali lake si la kijinga, watu walishalibishania hata kabla ya Yesu.

Iko hivi. Kwenye Marko 2 wanafunzi wa Yesu wanapita shambani, wanavunja masuke, na Luka anaongeza waliyapukusa mikononi wakala, yaani kama unavyopita Cheju mpunga ushakomaa ukavunja suke, ukalisugua kiganjani, ukapuliza makapi. Wengi hudhani kosa ni wizi. Siyo, Kumbukumbu la Torati 23 inamruhusu mpita njia achume kwa mkono, mradi asitie mundu. Kosa ni siku, ilikuwa Sabato, siku ya mapumziko ya Wayahudi! Kuvuna, kupura, kupepeta, zote zimo kwenye zile kazi 39 ambazo marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi, walizikataza Sabato (orodha yenyewe iliandikwa baadae), na hawa wamezimaliza kwenye kiganja kimoja tu.

Mafarisayo, Wayahudi walioshika sheria kwa ukali, wakalalamika, Yesu akawajibu kwa maandiko yao wenyewe, kwamba Daudi na wenziwe walipoona njaa walikula mikate ya wonyesho, ile iliyowekwa mbele za Mungu, ambayo ilikuwa halali ya makuhani peke yao. Kisha akasema sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya sabato.

"Aa, dharura hiyo," jirani akadakia.

Ndio, ila hapo ndo pana utamu, maana dharura hata Wayahudi walikuwa nayo na mpaka leo wanayo, roho ikiwa hatarini Sabato inawekwa pembeni, kwa hiyo moto ukiwaka na mtu yumo ndani unazimwa bila kuuliza. Lakini yule mama wa Luka 13 mgongo umepinda miaka 18, hafi leo wala kesho, na Yesu akamponya siku ya Sabato. Mkuu wa sinagogi akakasirika, akawaambia watu siku za kazi ziko sita, njooni mponywe siku hizo. Na mie kwa hesabu za sheria naona alikuwa na hoja, kwani si wangengoja jua lizame tu Sabato ishe? Yesu kamuuliza, nani kati yenu hamfungui ng'ombe wake au punda siku ya Sabato akampeleka kunywa maji?

Sasa jirani ana dume lake, kalifunga mnazini nyuma ya nyumba, kila adhuhuri kivuli kikihama huenda kulifungua, mvua, jua, Ijumaa, Idi, halina sikukuu lile. Akanyamaza, akazungusha kikombe.

"Na huyo mama kafungwa miaka 18," akasema.

Nikamwambia we, umesema kama alivyosema Yesu, kwamba Shetani kamfunga miaka yote hiyo, je haikupasa afunguliwe siku ya Sabato? Akainuka, jua lilikuwa lishafika mnazini.