Eti Kaskazini wote huku, Kusini wote kule? Hapana jamani

Wengi bado wanaamini vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani, ile ya 1861 hadi 1865, ilikuwa rahisi hivi: umezaliwa Kaskazini uko na Rais Lincoln, umezaliwa Kusini uko na waasi waliojitenga na Marekani, basi. Sio kweli kabisa, na nyumba ya Lincoln mwenyewe inatosha kukuonyesha. Mkewe Mary alitoka Kentucky, jimbo lililoruhusu utumwa ila halikujitenga, na wadogo zake kadhaa wa baba mmoja walipigania Kusini, Sam akafa kwenye mapigano ya Shiloh 1862, Alexander akafa ya Baton Rouge mwaka huohuo, na dada mtu yuko Ikulu, watu wanamshuku kuwa msaliti, msiba wa damu yake hawezi hata kuulilia hadharani.

Halafu Ben Hardin Helm, mume wa mdogo wake Emilie. Lincoln alimpa kazi ya kulipa mishahara jeshini, akakataa, akawa jenerali wa waasi, akauawa kwenye mapigano ya Chickamauga Septemba 1863. Emilie akataka kurudi kwao Kentucky, njiani akazuiwa sababu kagoma kula kiapo cha utii kwa serikali ya Lincoln, Lincoln akaagiza aletwe kwake. Hebu waza, mjane wa jenerali adui analala Ikulu, dada wawili wamekaa pamoja kila mmoja anakwepa kutaja vita, maana yule kafiwa na mume, huyu kafiwa na wadogo, na hao marehemu wote ni wa upande uleule wa waasi!

Na seneta Crittenden wa hukohuko Kentucky, mwanawe Thomas jenerali wa Kaskazini, George jenerali wa Kusini. Baba mmoja mama mmoja.