Usitoe nyumba ili uachiwe watoto

Kuna mapatano ambayo hapa Tanga hufungwa sebuleni kabla mtu hajafika kwa wakili. Wazee wa mume wanamwita mke: chukua watoto wako, nyumba mwachie mwenzio, tuachane kwa heri. Mke kachoka, anaogopa kunyang'anywa wanawe, anasaini. Mimi ni wakili wa mashauri ya ndoa, na karatasi za namna hiyo zinaletwa mezani kwangu miezi kadhaa baadaye, nyumba ikiwa imeshapata mnunuzi.

Sheria haijui biashara hiyo. Mali inagawiwa kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, malezi yanaamuliwa kwa kifungu cha 125, na hakimu hapimi kimoja kwa kingine. Tena amri ya malezi hubadilika hali ikibadilika. Baba aliyekuachia watoto leo anaweza kurudi mahakamani baadaye kuwaomba, na kuna kifungu kinachomruhusu. Nyumba ikishauzwa, kuirudisha ni mtihani mwingine.

Tuanze na talaka yenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapokosea hatua. Mume akishaandika talaka, mtaa mzima wa Makorora unahesabu ndoa imekwisha. Kidini hayo ni yake na sheikh wake, siingilii. Lakini mahakama haigawi mali mpaka yenyewe ivunje ndoa au iamuru watengane, na ili ombi la talaka lipokewe, kifungu cha 101 kinataka mgogoro upite kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, la kata, la BAKWATA (Baraza Kuu la Waislamu Tanzania) au la kanisa, nalo lithibitishe limeshindwa kuwapatanisha. Kwa walioana Kiislamu, talaka inayotolewa baada ya uthibitisho huo ndiyo mahakama inayoipa uzito moja kwa moja. Iliyotangulia baraza huzaa mabishano. Kadhi wetu anaheshimiwa sana, ila Tanzania Bara hana mamlaka ya mahakama ya kugawa nyumba.

Ile hati ya baraza isiwe imepitisha miezi sita siku unapofungua shauri. Na iwe hati kweli, si barua ya katibu isemayo "wameshindwana, tafadhali wasaidieni". Kuna mashauri yaliyofika hadi Mahakama ya Rufani yakafutwa kwa kasoro ya aina hiyo, watu wakarudi kuanza upya. Isome ukiwa bado umekaa pale pale barazani. Kama unapigwa, usijilazimishe kukaa baraza moja na anayekupiga: nenda dawati la jinsia polisi, na mahakama ina uwezo wa kupokea shauri bila hati ya baraza pakiwa na sababu nzito.

Sasa mali. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kila mtu anaikumbuka sehemu hiyo. Wachache wanakumbuka kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: mumewe alikuwa amempa fedha za mradi wa familia, akazitumia vibaya, mahakama ikaona fungu lake alishalila. Kwa hiyo usije ofisini ukasema "mimi nilikuwa mke" ukadhani imetosha. Mchango unathibitishwa.

Chukua mfano wa mke anayeuza vitumbua Ngamiani, mumewe kibarua bandarini, nyumba imejengwa Mikanjuni kwa jina la mume. Sheria inaanza kwa kudhani mali ni ya yule mwenye jina, mpaka mwingine aoneshe vinginevyo. Ataoneshaje? Daftari la vikoba, vile vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, linaloonesha siku aliyopokea fungu lake, na risiti ya bati ya wiki ile ile. Taarifa za miamala ya simu alipomlipa fundi. Fundi mwenyewe. Jirani aliyemwona akibeba maji ya zege. Nimeona daftari lililochakaa likimzidi nguvu shahidi mwenye kanzu safi.

Kama mume alikuwa na kibanda kabla ya ndoa na mkakiendeleza pamoja kwa kiasi kikubwa, nacho kinaingia kwenye hesabu. Kigumu ni kiwanja cha baba mkwe. Ardhi isiyo ya mume haigawiwi kama ya mume, na wakwe hukumbuka haraka sana kwamba hawakuwahi kumpa mwana wao. Uliza mapema jina lililo kwenye hati ya mauziano.

Nyumba mnayoishi haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenzako. Kama imesajiliwa, peleka ombi la zuio kwa Msajili wa Hati. Kama ni ya mauziano ya serikali ya mtaa tu, mpe mwenyekiti barua. Barua hiyo haina nguvu ya zuio, lakini mnunuzi mwenye akili huanzia kwake.

Madeni nayo yanatazamwa. Mkopo uliolipia ada na mabati ni wa familia. Kausha damu, ule mkopo wa riba kali, uliouchukua kwa siri ukanunulia simu, jiandae kuubeba.

Kuhusu watoto, kigezo kikuu ni ustawi wao. Sheria inadhani mtoto wa chini ya miaka saba anafaa kukaa na mama, lakini dhana hiyo baba anaweza kuipinga kwa ushahidi. Mkubwa anayejieleza husikilizwa, na mahakama inaweza kumtuma afisa ustawi wa jamii aje aone mtoto analala wapi na anasoma vipi. Kulea ni kwa mama au baba. Gharama, kwa kawaida, ni wajibu wa baba hata kama watoto hawako kwake. Mama akiolewa tena, wajibu huo haufi.

Njoo na hesabu halisi: nauli ya shule, sare, daftari, dawa, chakula cha mwezi. Baba naye alete hati ya mshahara au daftari la biashara, maana amri inafuata uwezo wake. Fedha zipitie kwenye simu, zisipitie mkononi mwa mtoto, ili kesho asije mmoja akasema hakupewa. Siku za kutembelewa ziandikwe kwa saa: Ijumaa baada ya shule hadi Jumapili alasiri, Idd hii kwa baba, ijayo kwa mama. "Aje akipenda" ndiyo inayorudisha watu kwangu.

Shauri hili unaweza kulifungua Mahakama ya Mwanzo bila wakili. Ukikwama, watafute wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri atakuelekeza. Na mkiwa bado kwenye eda, akiletwa mtu na karatasi ya kusaini kuhusu nyumba, mwambie aiache, utaisoma na wakili.