Kura ya Mgombea Asiyejulikana Haipotei: Namna ya Kuzipima Sera Zake

Tunapoelekea uchaguzi mkuu wa Kenya wa tarehe 10 Agosti 2027, swali moja hurudi katika kila kikao cha elimu ya mpiga kura: kuna haja gani kumsikiliza mgombea urais ambaye kila mtu anajua hatashinda? Swali si baya. Lakini jibu linalozunguka mitaani, kwamba kumpigia huyo ni kutupa kura, si kweli, na limekanushwa mara nyingi mno kuendelea kuaminiwa.

Kifungu cha 138 cha Katiba kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti zisizopungua 24. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alipata kura 6,173,433, sawa na asilimia 50.07 ya kura zote zilizopigwa, zikiwemo zilizokataliwa. Kwa hesabu hiyo alivuka nusu kwa kura kama 8,400 hivi. Paul Muite, aliyeshika mkia miongoni mwa wagombea wanane, alikuwa na 12,580. Mwaka 2022 William Ruto alivuka nusu kwa kura zipatazo 69,600, ilhali George Wajackoyah (61,969) na David Mwaure Waihiga (31,987) kwa pamoja walikuwa na 93,956. Kila kura halali, iwe ya nani, huingia katika jumla inayotafutiwa nusu. Asipopatikana wa kuvuka, nchi hurudi debeni ndani ya siku 30.

Kura iliyokataliwa haimo tena katika hesabu hiyo. Mahakama ya Juu iliamua hivyo mwaka 2013, baada ya uchaguzi ule. Anayetia alama kwa wagombea wawili, au anayetumbukiza karatasi tupu ili kuonyesha hasira, hajampunguzia mtu yeyote asilimia. Tafadhali tulielewe hili.

Sasa sera. Wajackoyah wa chama cha Roots alinadi bangi, ufugaji wa nyoka, kuuza nje korodani za fisi, na kuwanyonga wafisadi. Watu wakacheka, na wachache waliuliza kila ahadi ingepita mlango gani. Bangi imekatazwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, na Rais hafuti sheria kwa tamko. Panahitajika mswada: usomaji wa kwanza, kamati, maoni ya umma, usomaji wa pili, kamati ya Bunge zima, usomaji wa tatu, ndipo ufike mezani kwa Rais, ambaye ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha. Kwa hiyo mgombea aulizwe ana wabunge wangapi. Nyoka ni habari nyingine kabisa. Ufugaji wao kwa kibali cha KWS, shirika la wanyamapori, unaruhusiwa tayari, na Watamu kuna shamba la nyoka la miaka mingi. Hapo hahitajiki rais mpya. Fisi ni mnyamapori, na uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Kuhusu wafisadi, sheria ya sasa inatoa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka kumi, au vyote viwili, pamoja na faini ya lazima ya mara mbili ya faida iliyopatikana au hasara iliyosababishwa. Adhabu ya kifo ingerudi pale pale Bungeni.

Mwaure wa chama cha Agano aliahidi kupunguza kodi na kurejesha fedha zilizofichwa ng'ambo. Katika mdahalo wa Julai 26, 2022, wagombea wawili waliokuwa chini katika kura za maoni walipangiwa awamu ya kwanza, yao wawili tu. Wajackoyah hakukubali mpango huo, na Mwaure akasimama jukwaani peke yake. Waliozima televisheni wakati huo walikosa nafasi ya kumpima. Kodi haipandi wala haishuki ila kwa sheria, kifungu cha 210 cha Katiba, kwa hiyo swali la kumuuliza lilikuwa: utapunguza ipi, na pengo la bajeti utaliziba na nini?

Wapo pia waliofika mbali bila kushinda. Ekuru Aukot alipata kura 27,311 mwezi Agosti 2017. Miaka miwili baadaye mswada wake wa kubadilisha Katiba, Punguza Mizigo, uliotaka rais wa muhula mmoja wa miaka saba na wabunge 147, ulithibitishwa kuwa na saini zaidi ya milioni moja zinazodaiwa na kifungu cha 257. Ulikwama katika mabunge ya kaunti, ambako ulihitaji kuungwa mkono na kaunti 24 ndani ya miezi mitatu.

Mgombea urais huhitaji saini za wapiga kura 2,000 katika kila moja ya kaunti zisizopungua 24, yaani 48,000 kwa uchache. Kumtilia saini hakukufungi kumpigia kura. Kabla ya kusaini kwa ajili ya mgombea huru, angalia kwanza kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kama umesajiliwa katika chama, kwani mwanachama wa chama hatakiwi kumsainia mgombea huru. Mwaka 2021 wengi walijikuta wanachama wa vyama bila kujua. Na pesa za kampeni usiziguse: anayehonga na anayepokea wote wana hatia, faini hadi shilingi milioni mbili au kifungo hadi miaka sita, au vyote viwili.

Siku ya kura, mgombea mwenye mfuko mdogo mara nyingi hana wakala kituoni. Hilo halibatilishi matokeo. Lakini fomu 34A, yenye matokeo ya urais ya kituo hicho, hubandikwa mlangoni, na yeyote anaweza kusimama pale na kusoma safu ya kila mgombea, hata yenye kura mbili.