Longyearbyen: hakuna aliyekatazwa kufa

Watu husambaza sana habari kwamba Longyearbyen, mji mdogo wa Norwe kwenye kisiwa cha Spitsbergen, nyuzi 78 kaskazini, kufa ni kosa kisheria. Si kweli hata kidogo. Watu hufa huko kama kwingine.

Kisichofanyika ni kuzika kwa jeneza. Ardhi imeganda mwaka mzima. Tabaka la juu huyeyuka kiangazi, na likiganda tena hulisukuma jeneza juu, taratibu. Zamani majeneza yalizikwa: misalaba myeupe ya vijana saba waliokufa kwa homa ya mafua mwaka 1918 ingali pale chini ya mlima. Majivu ya marehemu huzikwa kwa kibali.

Wazee wasiojiweza huhamia bara, maana mji hauna makao ya kuwatunzia. Wajawazito nao huenda kujifungulia huko.