Doa jeupe kinywani na keratini zilizo chini yake

Pitisha ncha ya ulimi kwenye kaakaa, nyuma tu ya meno ya mbele, kisha iguse ndani ya shavu. Kule juu ni pagumu na pana mikunjo; shavuni panateleza. Kinywa ni kimoja, ila utando wake si wa aina moja. Fizi na kaakaa husuguliwa na muhogo wa kuchoma na mifupa ya samaki. Shavu kazi yake ni kunyumbuka.

Tofauti hiyo inatokana na keratini, protini za nyuzinyuzi zinazoishikilia seli isipasuke. Binadamu ana jeni 54 za keratini, zilizosongamana kwenye kromosomu ya 12 na ya 17. Keratini hufanya kazi kwa jozi, aina mbili kwa pamoja. Seli za tabaka la chini kabisa, zile zinazogawanyika, hutengeneza keratini ya 5 na ya 14, kwa kifupi K5 na K14. Zikianza kupanda juu hubadili jozi kufuatana na mahali zilipo: kwenye fizi na kaakaa gumu ni K1 na K10, shavuni na chini ya ulimi ni K4 na K13. Jeni zote zimo ndani ya kila seli. Kinachobadilika ni zipi zimewashwa.

Ukijing'ata shavu, seli za pembeni mwa kidonda huwasha haraka K6, K16 na K17, zikasogea kukifunika. Kidonda kikipona, shavu hurudi kwenye jozi yake. Lakini anayebana ugoro mdomoni kila siku, au kutafuna tambuu yenye popoo, haupi utando nafasi ya kupumzika. Shavu laini huanza kujenga tabaka gumu, K1 na K10 zikitokea mahali pasipo pake. Tabaka hilo likilowa mate huonekana jeupe.

Si kila weupe ni hatari. Wapo waliorithi hitilafu kwenye jeni ya K4 au ya K13, mashavu yao yote mawili yakawa meupe kama sifongo tangu utotoni, na hiyo si saratani. Fangasi nao huacha utando mweupe, ila huo kwa kawaida hutoka ukifutwa kwa shashi.

Ninaloliogopa ni doa lisilofutika. Madoa mengi ya namna hiyo hayageuki saratani. Baadhi hugeuka, na kwa macho hatuwezi kuyatofautisha. Seli zinapoanza kuharibika kuelekea saratani, mara nyingi K4 na K13 hupotea na K17 huwaka bila kuzimika. Maabara zenye uwezo hupaka kipande cha utando rangi maalumu zinazoonyesha K13 na K17, zikisaidiana na umbo la seli linaloonekana kwenye hadubini.

Kwa hiyo doa jeupe au jekundu, au kidonda, kikizidi wiki 2, nenda kwa daktari wa kinywa na meno. Usilisugue kwa chumvi wala mkaa. Najua wengi hukimbia wakisikia "tukate kipande", wakiamini kisu huamsha saratani. Hakiamshi. Unachomwa ganzi, kinatolewa kinyama cha milimita chache na kutiwa kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze, na mara nyingi siku hiyo hiyo unarudi nyumbani.